Lenzi Iliyoona Hadi Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga picha thelathini na sita za giza. Si giza la kawaida, jamani. Lilikuwa giza la kutosha kuifunika Bukoba yote na chenji ikabaki ya Muleba. Nilikuwa nimetumwa Kahororo kupiga picha za wanafunzi. Nikawapanga kwa urefu, nikawachekesha, nikarudi studio nikitembea kama mkuu wa wilaya. Mkanda ulipotoka kwenye dawa ulikuwa mweupe kama maji ya kunywa, na mkanda mweupe ukiuchapa kwenye karatasi hupati kitu ila weusi mtupu.

Mwenye Studio, Mhindi aliyezaliwa Bukoba na kukijua Kihaya kuliko Wahaya wengi wa mjini, aliuinua kwenye taa akautazama kwa utulivu wa daktari.

"Umewapiga kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi."

"Haiwezekani, bosi. Niliwaona wote kwa macho yangu."

"Wewe uliwaona. Lenzi haikuona mtu."

Ninyi mnaopiga picha kwa simu mnaona kile kile ambacho lenzi inaona, kwa hiyo kosa hilo hamliwezi hata mkijitahidi. Kamera zetu za studio ile zilikuwa tofauti. Hukuchungulia kupitia lenzi. Juu ya kamera, pembeni, kulikuwa na kidirisha, na ndani yake mtu mmoja alionekana mara mbili, kama umetoka kilabuni. Ulizungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili wakaingiana wakawa mmoja, hapo ukajua umbali umekaa sawa. Ilikuwa mashine ya ajabu, nyepesi, na mlio wa bonyezo lake ulikuwa wa chini kama mtu anayemeza mate. Ila kidirisha na lenzi havikujuana. Kimoja kingeweza kuona harusi nzima huku kingine kimezibwa uso.

Mimi ni zao la shule ya jioni. Mchana nilibeba magunia ya kahawa, jioni nikabeba vitabu, na mtihani wa fizikia niliupasua kwa alama ambazo sizitaji watu wasije wakasema najisifu. Kwa hiyo Mwenye Studio aliponieleza habari za mwanga na vioo nilielewa haraka. Ndiyo maana, nadhani, hakunifukuza. Au aliona aibu ya kumfukuza mtu siku ya kwanza.

Kitu kilichoniondolea usingizi pale studio kilikuwa kwenye droo ya juu, kimefungwa kitambaa cha flana. Kilikuwa lenzi ndogo kiasi cha vizibo vitatu vya soda vilivyopangwa. Ukiifunga kwenye kamera ungesema kamera imeota kifungo cha shati. Mwenye Studio aliniambia kiwanda kilitengeneza chache, kikaacha, na kwamba yake aliletewa na ndugu yake aliyepita Ulaya. Ilikuwa lenzi pana. Lenzi ya kawaida inaona kama mtu anayetazama mbele. Hii iliona kama mbuzi, mbele na pembeni kwa pamoja. Ukilifinya tundu lake la mwanga, kila kitu kuanzia hatua mbili mpaka visiwani ziwani kilitoka wazi. Watu wa pembeni iliwatanua kidogo, na wateja waliojua siri hiyo waligombania kukaa pembeni ili watoke wamenona.

Kidirisha cha kamera hakikuweza kuonyesha upana huo wote. Lenzi ile ilikuja na kidirisha chake cha ziada, kidogo kama jino, kinachochomekwa juu ya kamera. Kazi ikawa hivi: unachungulia cha kamera kupata umbali, halafu unahamia cha juu kupata upana. Miaka mitatu niliisafisha lenzi ile kwa brashi ya manyoya, na miaka mitatu sikuruhusiwa kupiga nayo hata paka.

Kisha nikahamishiwa Kamachumu, kwenye tawi. Huko bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Tawi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hadi ukaogopa kukatwa nayo. Aliniita Msomi wa Jioni.

"Msomi wa Jioni, mteja ni nani?"

"Mfalme, bosi."

"Na wewe?"

"Mpiga picha, bosi."

"Mtumishi wa mfalme! Shule ya jioni hawafundishi hata hilo?"

Kamachumu tulikuwa na taabu moja kubwa, nayo ilikuwa migomba. Nyumba zetu zimekaa ndani ya kibanja, yaani shamba la ukoo, na migomba inafika karibu na baraza kiasi kwamba mgeni akikohoa majani yanatikisika. Ukitaka kupiga ukoo mzima unarudi nyuma hatua nne, ya tano umo migombani na jani limekufunika. Kwa hiyo kila picha ya ukoo ilikuwa na waliokatwa. Na kwetu picha ya sebuleni si pambo. Mgeni akiingia anasomewa: huyu ni fulani, huyu ni wa fulani. Asiyekuwemo, siku moja ataulizwa anakaa pale kama nani.

Ndipo Ta Laurenti (Ta ni tata, yaani baba kwa Kihaya), mzee wa kanisa mwenye kibanja kikubwa, alipotaka picha ya jubilei ya ndoa yake. Akaja mwenyewe ofisini.

"Nataka wote ndani. Na nyumba. Na mgomba hata mmoja usikatwe, mingine inawazidi ninyi umri."

Msimamizi akapiga simu Bukoba kuiomba lenzi pana. Mwenye Studio akaileta lenzi ile mikononi mwangu yeye mwenyewe, kwa gari.

"Umbali?" akaniuliza.

"Kidirisha cha kamera."

"Upana?"

"Kidirisha cha juu."

"Kifuniko?"

"Bosi, hilo lilipita."

"Halipiti. Sema."

"Mfukoni mwangu, bosi."

Siku ya jubilei nilifika mapema kutafuta mahali pa kusimama. Aliyenipokea kwa kikombe cha kahawa alikuwa Kokuhirwa. Huyu alikuwa mjane wa Anselmi, mwana wa Ta Laurenti aliyefariki mwaka uliotangulia. Hawakujaliwa mtoto. Kamachumu yote ilijua kwamba Shangazi, dada yake Ta Laurenti, alikwisha kuanza kusema waziwazi: yule binti arudi kwao Izimbya, kibanja si hoteli. Ta Laurenti hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Kokuhirwa alikuwa akipalilia, akichuma kahawa, akisubiri neno lake.

Akaiangalia lenzi. "Waitu," akaniita kwa adabu ya Kihaya, "kadude kadogo hivi ndiko kanakoona ukoo wote?"

Mtu anapoiulizia mashine yangu mimi hupoteza breki. "Dada, haka kanaona nyumba, kanaona migomba, kanaona hadi jikoni kwako, sufuria, na ndizi zilizomo ndani ya sufuria!"

"Hadi jikoni?"

"Hadi jikoni, na pembeni yake."

Akacheka, akarudi kwenye moto.

Baada ya misa watu walijaa uani, na nikisema walijaa naomba mniamini: mbuzi wenyewe walikosa pa kusimama. Nikaipata sura ya Ta Laurenti kwenye kidirisha cha kamera, wawili wakawa mmoja, safi kabisa. Na hapo, kwa furaha ya kushika kitu nilichokitamani miaka mitatu, nikasahau kuhama. Nikabaki kwenye kidirisha kile kile, ambacho kilinionyesha mabenchi na pembe ya baraza tu.

"Songeni, songeni! Wa kulia hawajaingia!"

Mwisho wa kulia alikuwa Kokuhirwa, amekuja na aproni yake. Shangazi akamgeukia. "Wewe nenda kaangalie ndizi zisiungue. Hapa ni damu tupu." Na mimi, Mungu anisamehe, nikiona kichwa chake nusu kimo nusu hakimo, nikamsaidia Shangazi kazi: "Dada, toka kidogo. Bado. Toka tu nje ya picha."

Akatoka. Nikabonyeza mara sita.

Kule Bukoba, nilikokwenda kusafisha mkanda, picha ya kwanza ilipoanza kujitokeza kwenye dawa, nilidhani nimechanganya mikanda. Mabenchi yalikuwa katikati, madogo, na kushoto ilikuwepo migomba tele. Upande wa kulia lilionekana jiko na moshi wake, na kati ya jiko na mgomba wa kwanza lilikuwepo kaburi la Anselmi na msalaba wake mweupe. Kando ya msalaba alisimama Kokuhirwa, ameivua aproni, mikono ameikunja mbele. Pale pembeni lenzi ilikuwa imemtanua, mabega yamejaa. Wengine wote walitazama huku na huku; yeye aliitazama lenzi moja kwa moja. Alikuwa hivyo kwenye picha zote sita.

Shangazi alifika tawini kabla ya kaka yake. Akaiona ile picha ndogo ya majaribio, akaweka kidole juu ya Kokuhirwa.

"Huyu mkateni."

Msimamizi akanigeukia. "Umesikia. Upande wa kulia, mkasi."

Nikarudi Bukoba nikamweleza Mwenye Studio. Alikuwa akikoroga dawa, hakuinua kichwa.

"Nani aliagiza picha?"

"Ta Laurenti."

"Chapa zote mbili, iliyokatwa na nzima. Mpelekee Ta Laurenti. Na uchukue kamera, atakuuliza maswali."

Nilikwenda na Msimamizi. Sebuleni walikuwa Ta Laurenti, mkewe na Shangazi. Kokuhirwa alileta viti akabaki mlangoni. Mzee akaziweka picha mbili magotini. Akaziangalia muda ambao, kwa hesabu yangu, ungetosha kuivisha mkungu.

"Hii imekatwa nini?"

"Kamera ilikosea, kaka," Shangazi akadakia. "Mpiga picha mwenyewe alimwambia atoke. Muulize!"

"Ulimwambia atoke?"

"Ndiyo, tata."

"Mbona yumo?"

Nilihisi macho ya Msimamizi yakinipiga pasi mgongoni. Ningeweza kusema uongo, na mnajua mimi uongo mdogo haunishindi. Lakini mzee aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikamwambia, "Tata, nilichungulia dirisha lisilo lake. Kamera hii ina madirisha mawili."

"Lete."

Tukatoka barazani. Nikamshikisha kamera, nikamsimamisha mahali nilipokuwa siku ile. Akaweka jicho kwenye kidirisha cha kwanza, akageuka polepole, akaganda. Akahamia kidirisha cha juu. Akarudi cha chini. Mara nne. Alikuwa kama mtoto aliyepata kioo.

"Hapa Anselmi hayupo," akasema, jicho bado amelibana. Akahama. "Hapa yupo."

Akaishusha kamera akamwita Kokuhirwa.

"Ulijua unapigwa?"

"Nilimuuliza kaka huyu kadude kake kanafika wapi. Akasema hadi jikoni na pembeni yake. Aliponitoa, nikaenda pembeni yake."

"Kwa nini hukwenda kwenye ndizi kama ulivyoambiwa?"

"Waitu, wote walikuwa wamesimama na watu wao. Na mimi nikasimama na wangu."

Shangazi akafungua mdomo. "Kaka, lakini damu..."

"Nina watoto saba," Ta Laurenti akamkata. "Hii iliyokatwa ina sita."

Mkewe akaondoka, akarudi na nyundo na msumari. Picha nzima ikatundikwa tukiwa bado tumesimama. Halafu Ta Laurenti akamwambia Kokuhirwa, kwa Kihaya na mbele ya dada yake, kwamba migomba kuanzia jiko hadi njiani ni ya Anselmi na anayeitunza ni yeye. Shangazi hakunywa kahawa yake siku ile. Mimi nilikunywa vikombe vyote viwili, changu na chake.

Njiani Msimamizi alinikaripia kutoka mlangoni pa Ta Laurenti hadi mlangoni pa ofisi bila kuvuta pumzi. Kosa, alisema, ni kosa hata likizaa matunda, na mshahara unalipwa kwa kuchungulia dirisha sahihi. Alikuwa na haki. Baadaye nilipohamia Muleba, ofisi ya habari ya wilaya, nilikutana na Ofisa Habari aliyetaka kila mkutano upigwe ili uonekane umejaa. Nilimwambia nikitumia lenzi pana ataonekana na viti vitupu vya pembeni. Akaifungia kabatini fomu yangu ya kuomba lenzi. Nikapiga mikutano yake kwa lenzi nyembamba hadi nikastaafu, na kwenye picha zangu Muleba ilijaa watu kuliko dunia inavyoweza kubeba.

Siku hizi vijana wanakuja kuniuliza kama najua lenzi ile iliishia wapi. Wanasema watu wa nje wanaitafuta kama dhahabu, kwa udogo wake na uchache wake. Mwenye Studio aliondoka na familia yake, na sijui ilikokwenda. Ninachoweza kuwaambia ni kilichonivutia mimi. Nilifikiri ni udogo, baadaye nikafikiri ni upana. Sasa nafikiri ni kwamba haikunisikiliza. Nilimpanga kila mtu, nikamtoa niliyeambiwa nimtoe, nayo ikaendelea kuona.

Mwezi uliopita nilipanda gari hadi Kamachumu kumsalimia Kokuhirwa. Wenye kibanja wa zamani wote wamelala migombani, na Shangazi pia. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno, "toka nje ya picha", maana sikuwahi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye fizikia ndani. Nilimkuta kwenye miti ya kahawa, mgongo umepinda, anawaelekeza vibarua wawili kwa kidole. Nikaanza hotuba.

Akanisikiliza nusu dakika. "Kaka, kahawa imeiva. Kama umekuja kukaa, kiti kiko barazani. Kama umekuja kuchuma, kikapu hicho."

Nikachukua kikapu.