Jina Ambalo Dani Hakulitaja

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu karibu na Awendo, ndugu yangu mchanga alilia wiki kumi bila kupumzika. Alianza kila siku mwendo wa saa tisa alasiri, malori ya miwa yakipita barabarani kuelekea kiwandani, na akaendelea mpaka sauti ikamkauka. Mama alimpeleka zahanati mara tatu. Daktari alimpima, akambonyeza tumbo, akasema mtoto ni mzima, ana gesi tu, akatoa dawa ya matone. Tulimaliza chupa hiyo, tukanunua nyingine. Alasiri ikifika, analia.

Alikuwa na jina la ubatizo lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki, lakini jina la kwao, lile ambalo watu wake wangemwita, hakuwa nalo bado. Na kwetu Waluo, mtoto akilia hivyo, watu wazima huanza kuwakumbuka wafu mmoja mmoja. Husemwa yupo mmoja anayetaka kurudi kwa jina, na hatampa mtoto nafasi mpaka atajwe. Basi jioni baada ya jioni majina yalitajwa juu ya kichwa chake. Aliyeyataja ni Jaduong' Omolo, yaani Mzee Omolo, mdogo wa marehemu babu yetu, na wakati huo yeye ndiye mkubwa wa boma. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akawaita wajomba, mababu, na hata shangazi mmoja aliyekufa bila kuolewa. Baada ya kila jina tulisubiri, na mtoto akazidi kulia.

Mama alikonda. Siku moja nilimkuta ameketi jikoni, mtoto mapajani, ameziba masikio yake kwa mikono miwili. Aliponiona aliitoa haraka. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoogopa kweli, si kwa sababu ya mtoto, bali kwa sababu ya Mama.

Dani, ndiye bibi yetu mzaa baba, alikuwa Mkuria. Kijijini walimwita Nyar Kegonga, binti wa Kegonga, kama wanawake wengi kwetu wanavyoitwa kwa walikotoka. Jina lake hasa lilikuwa Gati, ila sikuwa nimemsikia yeyote akilitumia. Alikuwa ameishi kwetu miaka mingi na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko changu, isipokuwa akikasirika.

Alikuwa na namna yake ya kusali ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alfajiri alitia maji mdomoni akayapuliza kuelekea jua linakotokea, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Kisha alidondosha punje chache za wimbi kizingitini, kama alivyofanya mama yake huko Kegonga. Akafukiza ubani aliopewa na Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa pale sokoni, Mwislamu kutoka pwani aliyekuwa rafiki yake tangu kabla sijazaliwa. Mwishowe alishika rozari. Akiwa na jambo zito, alitoa gagi, simbi tisa nyeupe za kutupwa kwenye ungo, alizorithi kwa mama mkwe huyo huyo. Majirani walikuja kumuuliza habari za ng'ombe aliyepotea au safari ya mtoto, naye aliwajibu bila kutaka kitu. Katekista alimwonya zaidi ya mara moja.

"Mungu ananisikia nikisema Kikuria, na nikisema Kijaluo pia," alimjibu siku moja nikisikia. "Sasa atashindwa na moshi kidogo?"

Alikuwa na sharti moja. Jambo kubwa aliliuliza kwa njia tatu: kwa gagi, kwa wimbi, na kwa ndoto aliyosimuliwa Mama Zuhura, maana huyo alisifika kwa kufasiri ndoto. Mbili zikikubaliana, alisogea. Zisipokubaliana, alikaa.

Lakini kwa ndugu yangu hakuuliza. Wiki ya kwanza, ya tano, ya tisa, hakuuliza. Mama hakuthubutu kumsukuma mama mkwe wake. Baba, aliyekuwa akiendesha trekta la miwa na kurudi amechoka, alisema mambo hayo ni ya wazee. Mimi ndiye niliyemuuliza, kwa sababu mtoto wa miaka tisa bado anaruhusiwa ujinga.

"Dani, kwa nini humtupii mtoto wetu gagi?"

Aliendelea kupeta mtama. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "ukiuliza, unajibiwa."

Jumamosi iliyofuata Mama alizirai kisimani. Hakuumia sana, alichubuka goti, lakini Dani alipoletewa habari alifuta mikono, akaniambia: "Kimbia sokoni umwite Mama Zuhura. Ukirudi, pitia kwa Jaduong' umwambie aje. Mwambie ni mimi nimeita."

Tulikusanyika nyumbani kwa Dani mchana ule. Mama aliketi mkekani, mtoto akilia begani kwake. Baba alisimama karibu na dirisha. Jaduong' alipewa kiti. Mama Zuhura alikuja na chetezo chake, akavua viatu, akaketi kando ya Dani.

"Mimi nitasoma Fatiha basi, somo yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani nilichopenda kukisikiliza. "Hayo mengine ni yenu, lakini nitakaa nawe."

Alisoma kwa sauti ya chini. Dani akapuliza maji, akaomba kwa Kikuria maneno tusiyoyaelewa, akazitupa gagi. Kwenye ungo wake upande wa kulia ulikuwa wa kiume, wa ukoo wetu, na wa kushoto ulikuwa wa kwake, wa alikotoka. Simbi saba kati ya tisa ziliangukia kushoto.

"Tupa tena," alisema Jaduong'.

Alitupa tena. Zikaenda kushoto.

"Ungo umeinama," alisema Jaduong'. Baba akainama akauweka sawa, akatia hata kijiti chini ya ukingo mmoja. Dani akatupa mara ya tatu, na sote tukaona zilikoangukia.

Kisha akanipa bakuli la maji nilishike. Mama yake alikuwa akisoma wimbi majini: unataja jina, unadondosha punje, punje zikielea umempata mwenyewe. Dani alimtaja baba yake. Punje zikazama. Akamtaja nyanya yake, akamtaja mjomba. Zikazama zote. Akachukua punje nyingine kwa vidole vitatu, mkono ukabaki hewani juu ya bakuli.

"Ndoto uliyonisimulia," Mama Zuhura alisema polepole, "ya mtu anayesimama kwenye lango na wewe unapita kama humwoni. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nimkaribishe."

"Basi mtaje, Gati. Mtaje, dada yangu."

Ndiyo mara ya kwanza niliposikia mtu akimwita Dani kwa jina lake. Alifungua vidole.

"Mwita," alisema.

Wengi wakiniuliza kisa hiki hutaka niseme mtoto alinyamaza hapo hapo. Hakunyamaza. Wala siwezi kusema kama punje zilielea, kwa sababu niligeuka kumtazama Jaduong' na maji yote bakulini yakacheza.

Jaduong' aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Hilo jina haliitwi kwenye boma hili," alisema. Akatoka bila kofia yake.

"Mwita ni nani?" Baba aliuliza. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na hakujua.

Dani alimweleza akiwa amemwangalia yeye tu, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tumetoka. Mwita alikuwa kaka yake. Baba yao alikataa binti yake aolewe na Mjaluo, na alipoolewa, akawakataza watu wake wasikanyage kwetu. Mwita alitii mpaka aliposikia dada yake amejifungua mtoto wa kiume, ndiye Baba. Akaja peke yake kwa miguu, na mbuzi mmoja kwa kamba na unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Wiki hiyo ng'ombe walikuwa wameibwa upande wetu, Wakuria wakashukiwa, na watu walikuwa wakilala na rungu. Kijana mmoja alimwona mgeni akipita na mbuzi, akamuuliza, akajibiwa kwa lugha isiyoeleweka. Akapiga yowe. Wanaume wakaja mbio. Dani na babu walipofika, mtoto mchanga mgongoni kwa Dani, Mwita alikuwa tayari hasemi.

"Walimrudisha Kegonga kwa mkokoteni," Dani alisema. "Baba yangu alituma neno nisiende kumzika."

Baba alikaa chini pale alipokuwa. Mama alimsogeza mtoto anayelia akamweka mapajani kwa Dani.

Siku tatu Jaduong' hakuonekana. Mlango wake ulifungwa, moshi ukatoka jikoni kama kawaida, lakini yeye hakutoka. Jumanne nilikuwa natoka shule nikamkuta amesimama nje ya lango letu, ameshika kamba ya mbuzi. Nilimsalimia. Hakunisikia. Nilipita nikamwita Dani, naye akatoka hadi nusu ya uwanja na kusimama. Baba alikuwa akitengeneza baiskeli, akaacha.

"Shemeji," Jaduong' alisema. Sauti haikuwa ile ya kutaja majina. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Niliona mbuzi kabla sijaona mtu. Mimi ndiye niliyepiga yowe."

"Najua," alisema Dani.

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa nakupikia kila siku, Omolo. Sauti yako nilikuwa naijua."

Alilia, yule mzee mkali ambaye tulimkimbia tukicheza. Alilia akiwa bado ameshika kamba, na mbuzi akaanza kula maua ya Mama. Dani hakumkumbatia wala hakumwambia yameisha. Alisubiri mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Ingia."

Jaduong' aliomba yeye ndiye ampe mtoto jina. Alimchukua vibaya, kama mtu anayebeba kuni, na mtoto alikuwa akilia kama siku zote. "Mwita," alimwambia. Akarudia. "Mwita, karibu nyumbani." Mtoto alipata kwikwi, akamwangalia, akalala. Nasema nilichokiona. Kesho yake alilia kidogo. Wiki iliyofuata hakulia tena.

Sasa mimi ni tabibu katika kituo cha afya kimoja upande wa Homa Bay, na karibu kila juma mama huniletea mtoto wa aina hiyo. Nampima, nambonyeza tumbo, namwambia mama kwamba kilio hiki hufika kilele wiki za mwanzo na wengi huacha wakikaribia miezi mitatu. Najua hesabu ya ndugu yangu. Wiki kumi na moja. Angeacha hata tungemwita Ijumaa. Nimejaribu kumweleza Mwita mwenyewe, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili na anatengeneza simu Muhuru Bay. Alinicheka akasema, "Sista, hiyo sayansi yako ingemtoa Jaduong' kwa nyumba?"

Nikacheka naye. Lakini sitaki kusema kila kitu kilipona. Mwaka ule Dani alirudi Kegonga kwa mara ya kwanza, na Baba, na mtoto mgongoni. Mama yake Dani alikuwa ameshakufa. Alikuwa amechelewa kwa misimu miwili tu. Mjane wa Mwita alitoka nje, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akaingia ndani bila kumsalimia mtu. Dani alikaa kwenye kaburi la kaka yake mpaka jua likawa kali, kisha wakarudi. Safari ya pili, mjane alileta uji. Ya tatu akaomba kumshika mtoto.

Nilipokuwa chuoni, nimejaa elimu ya mwaka wa kwanza, nilimuuliza Dani waziwazi. Alikuwa ameanza kuona kwa shida, tulikuwa tumekaa tukichambua omena, wale dagaa wa ziwani.

"Dani, siku ile gagi zilikuambia, au ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua siku mtoto alipozaliwa," alisema. "Nilijua kabla hajaanza kulia."

"Sasa kwa nini uliuliza?"

Alitoa kijiwe kwenye omena akakitupa. "Ningesema mimi tu, wangesema Mkuria analeta ukabila wake. Mama mkwe wangu alikuwa Mjaluo, gagi ni zake. Wimbi ni la mama yangu. Zuhura hana ng'ombe wala ndugu kwenye hiyo vita. Nilitaka mashahidi, nyathina. Na hata mimi nilikuwa naogopa. Nilitaka mtu anishike mkono nikitaja."

Kwa muda mrefu nilidhani jibu hilo linamaanisha alituchezea. Nilikuwa kijana na nilipenda mambo yawe kweli au yasiwe kweli. Leo naliona tofauti. Nimekaa na watu wengi wenye kitu wasichoweza kukisema, nikiwa na karatasi za maabara mkononi, na nimejifunza kwamba karatasi haiwafungui mdomo. Dani alikusanya kila njia ya kuomba aliyopewa na watu wote waliompokea, pamoja na waliomwumiza, akaziweka zote kwenye chumba kimoja, mchana, mbele ya yule aliyepiga yowe. Katekista aliyaita hayo mchafuko wa imani. Mimi nadhani Dani hakuwa na namna nyingine ya kuwa mtu mmoja.