Mama Aliyengoja Ndani ya Pikapu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimekunywa kitu.

Mimi ni fundi wa magari, mtaa wa Kasenga. Mzee mmoja wa mtaa wa Songo, Papa Kashindi, aliniita nitoe moteri, yaani injini, ya pikapu yake kuukuu. Mto uliofurika ulikuwa umeibeba kwenye barabara ya Kamanyola, yeye akaokoka; baadaye ikaopolewa, ikavutwa hadi kwake. Alinionyesha uani ilipo, akarudi ndani haraka. Hakutaka hata kuitazama.

Nikatoa batri, nikamwaga oili, nikaanza kulegeza bulon, zile boliti zinazoshika moteri. Nilikuwa peke yangu. Mbona basi pikapu ilitikisika, kama mtu anajiweka sawa kitini? Nikainua kichwa. Mama mmoja wa kitenge cha manjano alikuwa amekaa ndani, kapu magotini.

"Fundi, tunatoka saa ngapi?"

Nikadhani ni mtu wa nyumbani. "Mama, gari hii haiendi. Niko natoa moteri."

"Usitoe. Minye niko naenda Kamanyola. Batoto yangu iko naningoja."

Niamini, sauti yake haikutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kungoja, na hiyo ndiyo iliyoninyima utulivu. Nikarudi kazini nimalize haraka. Nikavuta mnyororo wa kuinulia, moteri ikapanda, ikaning'inia. Papo hapo akaanza kupiga kioo kwa viganja.

"Weye, fungua! Mulango inakatala!"

Nikakimbia, nikauvuta mlango. Maji ya matope yakanimwagikia miguuni, baridi, yamejaa mchanga. Kitini hapakuwa na mtu.

Papa Kashindi akatoka kwa kelele zangu. Akayaona maji. Kabla sijasema neno akauliza, "Iko na kitenge ya manjano?"

Akaketi chini, akasema yote. Alimpakia mama yule njiani. Mlango wa upande wa mama ulikuwa mbovu, ukifunguka kwa nje tu. Maji yalipowavamia, mzee aliruka akakimbia. Alipogeuka, pikapu ilikuwa imekwenda. Ilipoopolewa, ilikuwa tupu. Watu aliwaambia alikuwa peke yake.

"Jina yake?" nikamwuliza.

"Sikumuuliza."

Je, ungeweza kulala na hilo? Mimi sikuweza. Kesho yake nilimshika mkono tukaenda Kamanyola, tukauliza sokoni habari za mama wa kitenge cha manjano aliyepotea siku ya mafuriko, hadi tukampata mama mzazi wa marehemu. Papa Kashindi alipiga magoti, akasema mwenyewe. Bibi yule hakulia. Alitwambia watoto bado humwekea mama yao sahani kila jioni.

"Leo nitabaambia baache," akasema.

Papa Kashindi hapandi gari tena. Hata mvua ikinyesha hutembea. Na mimi, tangu siku ile miguu yangu ni baridi hadi magotini. Mke wangu huifunika blanketi mbili, haisaidii.

Nawe, ukitaka kununua gari kuukuu, mwulize anayeliuza: mara ya mwisho walipanda wangapi, na walioshuka ni wangapi? Akiinamisha macho, liache.