Boya la Kandambili

Nilikuwa nimekaa kwa saa tatu ukingoni mwa mto Ruvu, upande wa Mkuyuni, nikilitazama boya langu, kipande cha kandambili nilichokichonga mwenyewe. Chini yake aliogelea perege mdogo aliye hai, ndoana mdomoni. Nilikuwa na hasira. Jana yake baba mkwe alikuwa amecheka mbele ya mke wangu akisema kwamba mwalimu wa mjini Kihonda kama mimi hawezi kumvua kambare.

Boya likatikisika, kisha likazama polepole. Mshipi ukaanza kuteleza vidoleni mwangu. Kambare akikamata chambo hai, unamwacha kwanza akimeze, ndipo uvute. Nikabana pumzi, nikaanza kuhesabu hadi kumi.

Nilipofika nne nikasikia nyuma yangu kikohozi ninachokijua. Mkwe haamkiwi ukiwa umekaa, tena umempa mgongo. Nikainuka, nikageuka, nikasema shikamoo, na mkono wangu ukainuka na mshipi.

Boya likaibuka. Kwenye ndoana kilikuwa kimebaki kichwa cha perege.

“Marahaba,” akasema baba mkwe, akikitazama kichwa kile kwa utulivu. “Umelelewa vizuri. Leo tutakula mchicha.”