Shikamoo Niliyolazimishwa

Nakumbuka siku moja kule Sikonge tumekaa chini, wanawake na wasichana, tunapanga majani ya tumbaku kwa madaraja, akaingia baba mdogo Mihambo. Wenzangu wote wakapiga magoti kumwamkia. Mimi nikabaki na majani yangu. Mama akanizaba kofi mbele za watu, akasema namtia aibu.

Mwanangu, nilikuwa darasa la tano, na ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Mihambo alikuwa ameshaniharibu. Namtaja kwa jina. Najua watu hawapendi marehemu asemwe, mimi namsema.

Alipotoka nikawaambia wale wanawake alichonifanyia. Nilidhani watainuka. Hakuna aliyeacha kupanga majani. Shangazi Nyamizi ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba kamba.

"Kwani wewe ndiye wa kwanza? Wangu mimi alikuwa mjomba Kapela. Na mama yako muulize habari za mwalimu wake wa kwaya."

Mwingine akacheka kidogo, akasema wa kwake ni baba mkwe, na mpaka leo anampikia. Mama hakuinua uso. Aliniambia nimfuate Mihambo nje nikamwamkie.

Nikaenda, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umepata adabu."

Hakuniacha mpaka nilipoolewa. Kwa nini aniache? Alishaona kwamba hakuna wa kumuuliza.

Wale wanawake niliwachukia kuliko yeye, miaka mingi. Siku hizi sijui. Na wao walipigishwa magoti kabla yangu.

Mwaka huu, hapa Isikizya, mjukuu wangu alijificha nyuma ya mlango, hataki kumwamkia Hamisi Sizya, jirani yetu muuza asali. Mama yake akainua mkono. Nikaushika. Nikamuuliza mtoto taratibu, akasema alichofanyiwa na Hamisi. Tukampeleka hospitali hata kabla ya kumwogesha, kisha polisi. Hamisi yuko rumande, na mkewe hatusalimii. Basi asitusalimie.

Mwanangu, mtoto akikataa kumwamkia mtu mzima, usimpige. Mpeleke pembeni, muulize, na akikujibu, amini. Kama na wewe yalikupata, mwambie, lakini usiishie hapo. Mshike mkono muende kushtaki, hata kama mtu mwenyewe ni wa damu yenu.

Mungu akupe moyo wa kusikia usiyotaka kusikia, na binti zako wakue wakiwaamkia wanaostahili tu.