Babu wa Kumi na Moja

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, eddo, dada wa marehemu baba yangu, aliingia ofisini kwangu Garissa akaniambia nimemwacha babu mmoja.

Nilikuwa karani wa stoo. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu. Eddo aliishi kambini Hagadera tangu alipokimbia vita na kupotezana njiani na mwanawe wa pekee. Tulisikia kijana yuko ng'ambo. Nikatengeneza ukurasa wa mtandao wenye jedwali: jina lake, la baba yake, na la kila babu hadi wa kumi. Kwetu majina matatu huweza kuwa ya watu wengi. Orodha ya ukoo mzima ni ya mtu mmoja tu. Mwishoni niliweka nambari ya simu ya ofisi.

Kanuni yangu ilikuwa kwamba ukurasa haujakamilika mpaka ufunguke katika vivinjari viwili, yaani programu mbili tofauti za kusomea mtandao, na katika kompyuta za aina mbili. Ofisini nilikuwa na kivinjari kimoja. Nilipanda basi hadi Nairobi, nikaujaribu kote, nikatia alama ya vyema daftarini.

Sasa eddo alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Wa kumi na moja yuko wapi?"

"Eddo, kumi wanatosha."

"Sikia, eddo." Naye aliniita hivyo hivyo, kama ilivyo desturi yetu. "Mashine yako inashindwa na mzee mmoja? Ngamia wangu alibeba nyumba nzima."

Karani mwenzangu alicheka. Nikamwongeza babu, nikaufungua ukurasa pale pale, ukaonekana vizuri. Disketi niliituma Nairobi kwa basi ili ukurasa uwekwe mtandaoni. Mimi sikwenda. Ni jina moja tu, nilijiambia.

Kila mwezi eddo alikuja kuuliza. Mwezi wa saba hakuuliza. Alikunywa chai huku akiitazama simu. Baada ya hapo malaria ikamchukua, tukamzika Hagadera.

Siku ya kumi na mbili tangu maziko, mwanawe akapiga.

"Walaal, ndugu yangu, anwani ya ukurasa wako nilipewa zamani. Nimeufungua maktabani mara tatu, mweupe. Nikadhani ni uongo. Jana rafiki aliufungua kwa kompyuta yake, nikawaona babu zangu wote. Mpe mama simu."

Nikamweleza.

"Nilipoufungua mara ya kwanza, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Baada ya simu niliusoma ukurasa mstari kwa mstari. Nilipomwingiza babu wa kumi na moja, nilikuwa nimefuta alama inayofunga jedwali. Kivinjari changu kililivumilia kosa hilo; kile kingine hakikuonyesha chochote.

Safari ya pili ya kujaribu ingenigharimu mia nane za nauli, kwenda na kurudi, na mia tatu za kukodi kompyuta. Niliokoa shilingi elfu moja na mia moja.