Barua ya Posa Niliyoirudisha Kwenye Sinia

Nyie vijana mtakaosoma haya, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sitaki kelele. Mimi Somoe, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, niliyeishia darasa la nne na sijatishwa na mtu hapa Masoko, siku ya posa ya mjukuu wangu Rukia niliwaacha wageni mkekani nikakimbia. Aibu niliipata, siikatai. Lakini someni mpaka mwisho.

Rukia alirudi kutoka Dar na kikopo cha unga wa kijani, eti wa kusafisha utumbo, sumu itoke, ngozi ing'ae siku ya harusi. Nikamwambia aache ujinga. Akanijibu, "Bibi, hata wewe una uchafu wa miaka sitini umeganda humo." Mimi! Ninayekula muhogo niliolima mwenyewe, ninayefunga Ramadhani yote na sita za Shawali juu yake! Basi asubuhi ya posa (kwa nini sikungoja siku nyingine, hata leo najiuliza) nikachota vijiko vitatu, na yeye hunywa kimoja, nikavikoroga nikanywa, ili jioni nimwambie umeona, hakijatoka kitu.

Wageni wakafika kutoka Kiswere, mbele Mzee Bakari, baba mkubwa wa kijana, na sinia lao limefunikwa kitambaa. Katika ukoo wetu barua ya posa anaipokea bibi wa binti. Akiiweka mapajani, mazungumzo yanaendelea. Akiirudisha kwenye sinia akainuka, amekataa, na waliokataliwa hivyo hawarudi tena. Nikaipokea. Hapo hapo tumbo likanguruma mpaka Mzee Bakari akatazama juu akidhani mvua. Nikajibana. Likaja la pili, na hilo halikuwa la kujibana. Sasa barua ile imeandikwa Bismillahi juu, nami safari yangu ni chooni, niingie na jina la Mungu? Nikairudisha kwenye sinia, mbio!

Choo chetu kiko uani, ukuta wa mabati, yote ya barazani unayasikia (na wao wanayasikia yako). Nimechuchumaa namsikia Mzee Bakari, "Haya jamani, tumejibiwa. Bebeni sinia twende." Nataka kutoka, natazama ndoo, haina hata tone. Na chumbani Rukia, ambaye siku ya posa haruhusiwi kuonekana, analia kwa sauti, maana alimpenda kweli yule kijana.

Nikajiuliza, Somoe, heshima yako au mume wa mtoto? Nikapaza sauti iliyofika sokoni: "Mzee Bakari! Kaa chini! Sijakataa, naharisha!"

Nikasikia sinia linawekwa chini, kisha Mzee Bakari:

"Bi mkubwa, ni kweli, au unatuonea haya tu?"

"Mwanamume mzima, unataka nikuletee ushahidi?"

Baraza zima likaangua kicheko. "Basi usiharakishe, sisi tupo. Maji unayo?"

"Sina!"

Hapo mlango wa chumba ukafunguka, Rukia akatoka na ndoo kichwani, akapita mbele ya wakwe zake wote, macho chini, akaniletea maji. Haijapata kutokea katika ukoo wetu.

Nikajisafisha, nikatia udhu, nikarudi kichwa juu, nikaichukua ile barua nikaiweka mapajani. (Niliinuka mara nne zaidi, na kila mara Mzee Bakari aliishika yeye mwenyewe akiwaambia wenzake, "Hajakataa, hajakataa.")

Leo Rukia yuko Kiswere na mumewe, na wakwe zake wananiheshimu kuliko bibi yeyote wa pwani hii, kwa sababu wanajua nikisema ndiyo ni ndiyo, hata nikiwa wapi. Unga ule sitaugusa tena.

Jioni ile ile niliikusanya nyumba nzima nikaamuru: kikopo kimwagwe shimoni, ndoo ya chooni ijae kabla mkeka wa wageni haujatandikwa, na yeyote atakayeulizwa habari za siku hiyo aseme kilichotoka kilikuwa unga wa Rukia, si uchafu wangu.