Meno ya Verlon Lingle

Verlon Lingle alianza kusema uongo juu ya babu yake kabla hata hajajua kubadili gia. Kwenye vilima vile vya Carolina ya Kaskazini, dereva wa mbio asiye na babu aliyesafirisha gongo usiku na kuwaacha polisi wakila vumbi ni kama mchungaji asiye na Biblia. Nani atamsikiliza? Verlon naye akajichongea babu wa kwake. Tabu ni kwamba babu halisi, mzee Enos Lingle, alikuwa shemasi wa Kibaptisti katika kanisa ambalo hata meza ya Bwana iliandaliwa kwa maji ya zabibu tu, na magari aliyaogopa mno, hata siku anakufa alikuwa bado anakwenda mjini kwa nyumbu. Na watu waliomjua walikuwa hai, wamejaa kwa kinyozi, wanamsikiliza mjukuu na kutazamana.

"Babu yupi huyo?" kinyozi alimuuliza. "Wa kwa mama?"

"Enos mwenyewe."

"Enos wa nyumbu?"

"Nyumbu alikuwa wa kuwazuga polisi."

Basi ndivyo alivyokuwa. Mungu alimpa nywele nzuri, nyeusi, zilizolala nyuma kama bawa la kunguru. Akampa na ulimi. Mkono wa usukani akamgawia kwa kijiko, wala hakukijaza. Siku za wiki alifanya kazi kwenye kiwanda cha soksi pamoja na mkewe Arvella, na kila Jumamosi jioni alikwenda kushindana na wenzake kwenye uwanja wa udongo mwekundu nje ya mji, wakizunguka duara kwa magari ambayo kwa mbali ungedhani ni yale yale ya kuendea kanisani, isipokuwa milango ilishonwa kwa chuma na viti vyote vimeng'olewa ila kimoja.

Fundi wake alikuwa Coy Killian, kaka yake Arvella, mtu aliyetafuna tumbaku na kuongea kwa zamu: akishatema ndipo anasema. Coy alikuwa akisikia ni kwa nini wameshindwa kabla hajaambiwa. Wiki hii matairi. Wiki ile jua limempiga Verlon machoni, na mbio zenyewe zilikimbiwa chini ya taa. Kuna siku ilikuwa ni upepo.

"Upepo gani uliokupiga wewe peke yako?" Coy aliuliza.

"Ulikuwa unatokea upande wangu."

Coy akatema. "Shemeji, gari hili halina ugonjwa. Ugonjwa umekaa kwenye kiti."

Ungetegemea mtu wa namna hiyo aozee Jumamosi kwenye udongo. Lakini walikuwapo vijana wawili watatu pale waliomzidi Verlon mbio kila wiki, na hao ndio waliobaki kwenye udongo. Wao wakiwekewa kinasa sauti mdomoni walitazama viatu vyao na kusema, "Aa, gari lilikwenda vizuri." Verlon, akiwa wa saba, aliweza kumshukuru Mungu, mama yake, mafundi, na chakula cha kuku cha kampuni iliyomdhamini, chenye protini na madini yote, kwa pumzi moja, na nywele zisitikisike. Mwenye chakula cha kuku alimsikiliza akatokwa na machozi. Basi akampandisha mbio kubwa, zile za viwanja vya lami vyenye kona zilizoinama kama paa, ambako watu laki moja huketi juani wakila kuku wa kukaanga na kupepea bendera za vita walivyoshindwa mababu zao, huku wakimzomea dereva yeyote asiyeshinda.

Verlon aliacha soksi. Arvella hakuacha. Mmoja lazima ale mshahara, alisema.

Miaka ikapita Verlon akizunguka. Akidhaminiwa na chakula cha kuku, kisha na dawa ya kiungulia, kisha na nyumba ya maziko ambayo jina lake liliandikwa ubavuni mwa gari, jambo ambalo madereva wenzake waliliona ni mkosi na wakawa hawamkaribii kwenye kona. Hiyo ilimsaidia kidogo. Alifika wa kumi na moja mara kadhaa. Ushindi hakuujua hata kwa harufu.

Meno aliyapoteza Alabama. Palikuwa na ajali mbele, bendera ya njano ikatolewa, na bendera ya njano ikitolewa magari yote hupunguza mwendo na kufuatana kama msafara wa harusi, hakuna ruhusa ya kumpita mtu. Verlon aliona kamera ya televisheni imemwelekea. Akalegeza mikanda apate kutoa mkono dirishani na kupunga vizuri. Gari la mbele likafunga breki, yeye akalivaa kwa nyuma, na meno yake ya juu yakabaki kwenye usukani.

Hospitalini aliwaambia waandishi wa habari kwamba aligonga ukuta akiwa kwenye mwendo wa kufa mtu.

"Ukuta gani?" Arvella alimuuliza kaka yake kando.

"Ulikuwa unakwenda mbele yake," alisema Coy. "Una taa mbili nyekundu nyuma."

Watu wengine pigo kama hilo huwatuliza. Verlon lilimletea Bwana Ashcraft, mwenye kampuni ya gundi ya meno ya bandia. Gundi yenyewe iliitwa Mwamba. Bwana Ashcraft aliingia wodini na maua, akautazama ule ufizi mtupu kama mkulima anavyotazama shamba lenye rutuba.

"Ndugu Lingle," akasema, "wewe si mgonjwa. Wewe ni tangazo."

Mwezi haukuisha gari la Verlon likapakwa rangi ya waridi, rangi hasa ya ufizi, na juu ya boneti likachorwa tabasamu la meno meupe, kila jino kubwa kama sahani. Coy alilizunguka, akatafuta pa kutemea.

"Nimetengeneza malori," akasema. "Nimetengeneza matrekta. Mdomo sijawahi."

"Usiniharibie, Coy."

"Nikuharibie nini? Nauliza tu: likichafuka nilioshe, au nilipige mswaki?"

Mwanzoni Verlon aliona haya. Uwanja mzima ulimwita Ufizi. Madereva wenzake walimuuliza kama gari linatoboka usiku kwa sababu ya peremende. Lakini aibu kwa Verlon haikukaa sana, ilikosa pa kushika. Vikongwe walianza kumpenda. Walikuja kutoka Georgia na Tennessee, wakapanga foleni na kofia zao za waridi, wakamwonyesha meno yao wenyewe viganjani, naye akayasifu moja moja kama watoto wachanga. Kwenye televisheni alionekana akiguguna hindi la kuchemsha kutoka ncha hadi ncha, kisha akiitazama kamera: "Mwamba. Hauachii." Barabarani watoto walimpigia kelele, "Hauachii!" Akajiona ameshafika.

Jambo moja hakulisema. Ile gundi ilimtapisha. Ndani ya gari, joto likiwa kali na harufu ya mnanaa imemjaa puani, chakula kilimrudia kinywani. Kwa hiyo kila mbio zikianza aliyang'oa meno, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni. Zikiisha, Arvella alikuwa akimngoja kwenye lori la timu na tyubu mkobani. Verlon anageukia ukuta, anapaka, anakaza, anatoka anatabasamu. Muda ulikuwapo tele. Mtu aliyemaliza wa ishirini na mbili hakimbiliwi na mtu.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya Virginia.

Mchana wote Coy alikuwa akimgombeza kwenye redio. Unaingia kona mapema. Unatoka umechelewa. Unaendesha kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Verlon akachoka, akaizima redio. Mbio zikawa zimekaribia mwisho, na bendera ya njano ikatoka. Madereva wote wa mbele wakaingia kwa mafundi wao kubadili matairi. Coy akapayuka, "Ingia, shemeji! Ingia! Unabaki na matairi yaliyoisha, ingia!" Verlon, katika utulivu wake, akaendelea na safari. Alipotazama mbele hakuona gari. Akadhani wamemwacha mbali. Alipotazama kioo cha nyuma akawaona wote, mabingwa watupu, wamejipanga nyuma yake na matairi mapya.

Bendera ya kijani ikapepea, mbio zikarudi.

Na hapa lazima haki itendeke, hata kwa Verlon Lingle. Kwa mizunguko miwili aliendesha. Hakupunga mkono wala hakutafuta kamera. Gari liliteleza kwenye kona kama sabuni bafuni naye akalishika, ukuta ukamjia akauepa kwa upana wa kiganja, na bingwa wa mwaka uliopita alijaribu chini, akajaribu juu, asipate pa kupita. Bingwa akakosa subira, akamgusa mwenzake, na nyuma ya Verlon magari yakaanza kupinduka. Bendera ya njano tena. Mbio zikaishia chini yake, hakuna wa kumpita mwenzake, na lile gari la rangi ya ufizi likavuka mstari la kwanza likitabasamu.

Wakamwelekeza kwenye jukwaa la washindi. Arvella alikuwa kule kwenye lori la siku zote na tyubu mkononi. Alipoona, alikimbia na viatu vyake vya kisigino mpaka kwenye lango la jukwaa. Askari wa lango akamzuia.

"Kadi yako, mama?"

"Mimi ni mke wa mshindi!"

"Wake wa washindi wana kadi za kuingia huku."

Kadi hakuwa nayo. Timu ya Verlon haikuwahi kuziomba, maana za nini?

"Basi mpe hii," Arvella akasema, akamnyooshea tyubu. "Mwambie apake kabla hajafungua mdomo. Nakuomba, baba." Askari aliisoma ile tyubu, akacheka, akaitia mfukoni. Alidhani ni zawadi ya matangazo.

Kule jukwaani kamera zilikuwa zimeshafika dirishani. Verlon aliinama kama anafungua mikanda, akayachomoa meno kwenye leso, akayatia makavu kama yalivyo. Akapanda. Akamwagiwa pombe na soda. Kikombe kikawekwa mbele yake, kikubwa kama ndoo, na Bwana Ashcraft akasimama pembeni mikono tayari kupiga makofi. Mtangazaji akamsogezea kinasa sauti. Nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni, Jumapili, baada ya kanisa.

"Namshukuru Mungu," alisema Verlon, mdomo umebana. Ulimi ulikuwa unafanya kazi ya gundi. "Namshukuru mama. Nawashukuru mafundi wangu." Angeishia hapo. Lakini machozi yalimjia, machozi ya kweli, akainua mikono juu akanguruma: "Na zaidi ya yote, namshukuru Mwamba!"

Meno yakatoka. Yaliruka wazi, yakang'aa juani, yakagonga ukingo wa kikombe na kutumbukia ndani kwa mlio wa kengele. Kisha uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Verlon alitia mkono ndani ya kikombe mpaka begani akitafuta, na kamera ikamfuata humo humo.

Bwana Ashcraft aliyashusha makofi yake polepole, akayatia mfukoni.

Jumatatu mkataba ukavunjwa. Kampuni ilitoa tamko kwamba gundi haina lawama ikiwa iko kwenye tyubu. Yale ya mizunguko miwili hayakutajwa na mtu. Televisheni zilionyesha meno tu, mwaka baada ya mwaka, kila zilipokosa habari. Nyumbani Arvella aliacha kwenda kwa msusi kwa sababu kila alipoingia mazungumzo yalikatika. Kampuni nyingine ya gundi ikaja na ofa nzuri: ayarushe tena, makusudi, kisha atumie ya kwao. Verlon akasema atafikiria.

"Ukikubali," Arvella alimwambia akiwa anakaanga ini la nguruwe, "nami nitakuonyesha kitu kisichoachia. Mlango wa kwa mama yangu, nikiufunga kwa ndani."

Hakukubali.

Alirudi kwenye udongo Jumamosi, akakimbia misimu mingine michache, akiwa wa tisa, wa kumi. Jioni moja walikuwa wameketi na Coy nyuma ya lori, wanakunywa chai baridi ya sukari, Verlon akauliza bila kumtazama:

"Coy. Siku ile niliendesha vizuri?"

"Usingezima redio tungekuwa wa ishirini."

"Sijakuuliza hivyo."

Coy aligeuzia tumbaku shavu la pili. "Kijani kiliporudi," alisema, "uliondoka vizuri. Kona zile ulizishika. Nilikuwa na redio mkononi na sikuwa na la kukutukana." Akatema. "Usizoee."

Verlon akanyanyuka, akaenda kusimama upande wa pili wa lori kwa muda.

Siku hizi anaendesha basi la shule la wilaya, la njano. Akina mama wamelalamika mara mbili kwa mwalimu mkuu, mama Vauda Sigmon, si kwamba anakimbiza, bali kwamba anakwenda kama maiti na watoto wanakosa kifungua kinywa cha shuleni.

"Bwana Lingle," mwalimu mkuu alimwambia, "wewe si ulikuwa dereva wa mbio?"

"Nilikuwa, mama."

"Sasa?"

"Kule nilikuwa peke yangu garini."

Mama Sigmon aliyarudisha malalamiko kwenye faili. Angependa kumbadilisha, lakini ni nani mwingine pale mjini angekubali kuamka saa kumi alfajiri kwa mshahara ule? Basi anamwacha. Watoto wanachelewa, uji wao wa mahindi unapoa, na Verlon anaingia kona ya kanisani taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani.